Maji Ndani ya Motokari: Usizibe, Zibua!



Motokari nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika kwanza Ulaya au Japani zina kioo kinachofunguka juu ya paa. Wakati wa jua kinapendeza. Lakini mvua ya kwanza ikipita, baba anakuta tapi imelowa, vioo vimejaa ukungu, ndani kunanuka. Hapo maneno yanaanza nyumbani. "Ni batoto njo balimwanga maji!" Ama lawama inamwangukia kijana anayeosha motokari: "Ni weye njo uliacha kioo wazi!" Kijana anafukuzwa, lakini mvua nyingine ikija, maji yanarudi.

Sikieni namna kitu hiki kilivyotengenezwa. Mpira unaozunguka kioo cha paa hauzuii maji yote, na wala haukuwekwa kwa kuzuia yote. Maji machache yanapita na kuanguka katika mfereji ulio chini ya kioo. Pembeni mwa mfereji huo kuna matundu, mara nyingi manne, na kila tundu lina bomba jembamba. Mabomba ya mbele yanateremka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, na mara nyingi yanatokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya gurudumu. Ya nyuma yanapita katika nguzo za nyuma na kutokea karibu na magurudumu ya nyuma.

Sasa fikirieni hapa kwetu Bel-Air. Miezi mingi bila mvua, vumbi linaingia kila mahali. Majani ya miembe na maua ya jakaranda yanaanguka juu ya paa. Mvua inapoanza, vile vyote vinageuka udongo na kuziba matundu. Maji yakikosa njia yanafurika, yanafuata kitambaa cha paa, yanashuka mpaka chini ya tapi. Na kule chini njo kunapita nyaya za umeme. Zikiharibika, garaji itakula minervali ya watoto.

Basi mwezi wa kumi, kabla mvua hazijakomaa, fanyeni hivi. Fungueni kioo, panguseni mfereji kwa kitambaa chenye maji, tafuteni matundu pembeni kwa tochi. Mwangieni kila tundu maji kidogo, nusu kikombe tu, polepole, huku mtu mwingine akiangalia chini ya motokari. Maji yakitoka chini upesi, njia ni nzima. Yakisimama, ingizeni uzi mnene wa nailoni, kama ule wa kuvulia samaki, mkiusukuma na kuuzungusha kwa upole. Kisha mwangieni tena.

Msitumie waya mgumu, utatoboa bomba. Msipulize kwa pompa yenye nguvu, bomba linaweza kuchomoka mahali pake ndani ya paa, na hapo kazi inakuwa kubwa. Na fundi akiwaambia, "Tupake tu kole, itaisha," mwulizeni kwanza kama ameangalia matundu. Kole inafunga kioo, lakini matundu yanabaki yamezibwa, na siku ile kole itakapopasuka mtarudi palepale.

Kama maji yanapita vizuri katika matundu yote lakini tapi inalowa bado, kagueni kama bomba limepasuka ndani, halafu mipira ya milango na kioo cha mbele. Tapi iliyolowa iinuliwe na kuanikwa juani, maana sponji ya chini yake inashika maji siku nyingi.

Vijana, kazi hii mnaweza kuijifunza, na majirani watawatafuta. Wazazi, kabla ya kumshitaki mtoto wa watu, mwangeni kwanza ile nusu kikombe. Na kama mlikwisha kumfukuza bure, mnajua nyumba yao. Kaombeni samahani, na mshahara wake mpelekee.