Filamu za kutisha Bukavu: bibi wa jirani asigeuzwe tangazo

Filamu ya kutisha haiombi pesa nyingi. Telefoni moja, tochi, unga wa muhogo wa kupaka usoni, nyumba ambayo haijamalizika huko Bagira na usiku ambao umeme umekatika: kijana wa Bukavu ana studio yake. Wazazi wasiite hiyo kazi upuuzi. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano «Who Killed Captain Alex?» mwaka 2010 kwa pesa isiyofika dola 200. Waigizaji wenyewe walizunguka wakiuza DVD nyumba kwa nyumba, na kipande kifupi kilichowekwa YouTube kikawajulisha mpaka Ulaya na Marekani.

Shida inaanza siku ya kutangaza.

Mwaka 1999 Wamarekani wawili, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, walitoa «The Blair Witch Project». Ili watu waifuatie, ilienezwa habari kwamba vijana watatu wanaoonekana ndani yake walipotelea kweli msituni. Hata karatasi za kuwatafuta zilibandikwa. Watu waliamini, mama ya mwigizaji mmoja akapokea barua za pole, na filamu ikaingiza karibu dola milioni 250. Mpaka leo mbinu hiyo inasifiwa kila mahali.

Bukavu haiwezi kuiiga. Katika mwezi wa Septemba 2021 peke yake, wanawake 8 waliuawa katika wilaya za Kivu Kusini, kwa kuchomwa ao kupigwa na makundi ya watu, wakisingiziwa uchawi. Wengi huonyeshwa kidole na bajakazi, wale wahubiri wanaodai kuwa na kipawa cha kutambua wachawi. Sasa itupwe kwenye WhatsApp video ya dakika moja: bibi mzee anatoka kaburini usiku, na maandishi yanasema imetokea kweli Kadutu. Video inaruka kundi hadi kundi, jina la filamu linakatwa njiani, na kule Kabare inafika kama ushahidi. Lakini aliyecheza ni bibi wa jirani, na mlango wake unajulikana.

Tena, kwa nini zimwi liwe bibi mzee kila mara? Pande za Goma kuna mazuku, hewa isiyoonekana inayotoka ardhini na kuua mbuzi ao mtoto aliyeshuka bondeni. Inatisha zaidi, na hakuna atakayechomwa kwa ajili yake.

Nabwana hakumdanganya mtu: katika filamu zake kuna sauti inayopiga utani juu ya picha tangu mwanzo. Kwa vijana wa hapa, jina la filamu na neno «mchezo» yaandikwe juu ya picha yenyewe, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, maana maelezo ya chini hayasafiri na video. Tangazo limalizike kwa waigizaji wakicheka na kupanguza rangi. Na wenye vyumba vya kuonyeshea filamu wakatae tangazo lisilo na maandishi hayo.