Mkeka Uliokwenda Upande

Wazazi wenzangu wa Migori na Homa Bay, mafundi wa cherehani, na nyinyi akina dani, bibi zetu, mnaosuka mikeka kandokando ya ziwa: nina ombi kabla ya likizo ya Agosti.

Tangu mtaala wa umilisi uanze nchini kote mwaka 2019, watoto wetu wamekuwa wakirudi nyumbani na kazi za mikono: suka mkeka mdogo, shona mfuko, tengeneza kikapu. Kinachofuata sote tunakijua. Jumapili jioni mtoto ndipo anakumbuka, mama anakimbilia sokoni, na Jumatatu mwalimu anakabidhiwa kazi safi ya bibi wa miaka sabini, imebandikwa jina la mtoto wa gredi ya nne. Mwalimu naye anatoa alama, maisha yanaendelea. Jamani, tuache. Mtoto na aende shuleni na mkeka wake mwenyewe, hata kama umekwenda upande.

Umekwenda upande kwa sababu, na sababu hiyo ndiyo somo. Mtoto anayefuma nyuzi kwenye kipande cha katoni huanza kwa upana na kumaliza kwa wembamba, kwani kila akifika ukingoni anavuta uzi kwa nguvu. Mwambie asivute, hatasikia. Akiona mwenyewe kazi imebanwa kiunoni, safu inayofuata ataulegeza uzi bila kuambiwa. Mafunjo nayo, yaani togo, yana masharti yake. Ukiyasuka mabichi, yatakauka na kusinyaa, mkeka ubaki na mianya. Yakikauka kupita kiasi hukatika yakikunjwa, ndipo msukaji huyanyunyizia maji kidogo kwanza. Wanaoyajua haya wako hapa hapa, Kendu Bay na Mbita, ila ni nadra mwalimu kuwaalika darasani.

Kwa hiyo zile hela za kununua kikapu, mpe dani akufundishie mtoto. Yeye hapotezi mteja, na mtoto anapata kitu cha kumwonyesha mwalimu bila kudanganya.

Kwenye cherehani mambo ni hayo hayo. Mwanafunzi mpya wa cherehani ya miguu hupambana kwanza na gurudumu: mguu ukikosea mdundo, linazunguka kinyumenyume na uzi unakatika. Mafundi wengi wazuri hawampi uzi kabisa mwanzoni. Humpa karatasi iliyochorwa mistari aishone kwa sindano tupu mpaka mashimo yafuate mstari. Baadaye ndipo huja lile fumbo la vishungi vya uzi chini ya kitambaa. Mwanafunzi hukimbilia kufungua bobini, kumbe mara nyingi kosa liko juu: uzi haukupitishwa sawasawa. Utoe, inua mguu wa kukandamiza, upitishe upya. Na kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa maana hurudi kikifuliwa, na gauni lililofika gotini hupanda juu.

Kuna watakaouliza faida iko wapi ilhali mitumba imejaa Rongo na Oyugis. Mwaka 2020 barakoa zilipokuwa lazima, hatukuzisubiri kutoka ng'ambo. Mafundi wa mitaani walizishona kwa mabaki ya vitenge. Na kuna jambo lililo karibu zaidi. Sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape sodo bure wasichana waliobaleghe shuleni, lakini mgao ukichelewa, msichana hawezi kuuambia mwili wake usubiri. Sodo ya kufua ni kazi ya mwanzo kabisa: tabaka za pamba, kitambaa kisichopitisha maji chini, mshono mmoja wa kuzunguka, vifungo viwili vya kubana. Wavulana nao wajifunze. Sindano haijui jinsia.

Fundi, najua hofu yako ni cherehani kuharibiwa. Weka masharti: mzazi alete sindano na uzi wake, mtoto aje asubuhi kabla wateja hawajajaa, na aanze na karatasi. Vile vipande unavyovichoma jioni, viweke kwenye gunia mtoto ajifunzie. Kwa kaunti zetu mbili: vyuo vya ufundi stadi viko mikononi mwenu tangu ugatuzi, na cherehani zake hukaa bure shule zikifungwa. Fungueni vyumba hivyo walau siku mbili kwa wiki, mwalimu alipwe posho yake.

Mzazi, wewe anza wiki hii. Zungumza na fundi au dani wa karibu, mpatane bei. Siku ya kwanza mtoto abebe mkasi, rula, penseli, magazeti ya zamani na foronya kuukuu ya kufumua. Atakachorudi nacho jioni usikirekebishe.