Utafiti wa Maji Usifungiwe Maktabani

Kila mwalimu amewahi kuwahimiza wanafunzi wake wachemshe maji ya kunywa. Nami nimefanya hivyo mara nyingi. Ushauri huo ni mwema, kwani moto huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hata hivyo, kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, hautoshi.

Katika Ghuba ya Winam, maji hugeuka rangi ya kijani, na wengi hudhani ni mwani tu. Aghalabu huwa ni sianobakteria, viumbe vidogo mno vinavyostawi pale mbolea ya mashambani na maji machafu ya miji yanapoingia ziwani. Baadhi yavyo hutoa maikrosistini, sumu inayodhuru ini. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Joto huvipasua viumbe hivyo, na sumu iliyokuwa ndani yavyo ikamwagika majini.

Hili si jambo la kupuuzwa. Mwaka wa 1996, mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya damu yao kusafishwa kwa maji yenye sumu hiyo. Mnamo Agosti 2014, wakazi wa Toledo, Marekani, na viunga vyake, zaidi ya 400,000, walikatazwa kunywa maji ya mfereji, na wakaonywa wasiyachemshe.

Wanafunzi wa shahada ya uzamifu wamelichunguza tatizo hili katika ziwa letu. Kinachonisikitisha ni kwamba tasnifu zao huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa rafuni. Mama aliyemwonyesha mtafiti mahali pa kuchota maji hapati jibu lolote.

Wapo watakaosema kuwa habari hizi zitawatia watu hofu, waache hata kuchemsha. Sikubaliani nao. Watu wakielezwa vyema wataendelea kuchemsha, lakini watayaepuka maji ya kijani na kutafuta ya mvua au ya kisima kilichokingwa.

Kwa hivyo, napendekeza vyuo vikuu vimtake kila mtahiniwa wa uzamifu, kabla ya kuhitimu, aandike kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu na kuzipeleka katika shule zilizo karibu na mahali alipofanyia utafiti. Walimu watazisoma darasani, nao watoto watazifikisha nyumbani.

Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali.