NDUGU WA MGONJWA NAYE APEWE SABUNI

Mwezi Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha ufukoni mwa Ziwa Tanganyika ambako milima imeziba njia na pa kutokea ni majini tu. Kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba iliwasomba hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapandisha kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kabla mwezi haujaisha, wagonjwa walikwisha fika 3,000 hivi na vifo 31.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya bara, tena bara ya mbali. Asiseme. Mwezi Agosti mwaka huo huo kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, Septemba kikawa Unguja, na hadi Aprili 2016 Visiwa vilikwisha hesabu wagonjwa zaidi ya 3,000. Hatudai kwamba maradhi yalisafiri kutoka ziwani hadi baharini. Tunalosema ni kwamba udhaifu unaoyalea ni mmoja, na umo wodini.

Kanuni za kumhudumia mgonjwa wa kuhara zinajulikana. Atengwe, awe na choo chake au kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Maji ya klorini yawe ya nguvu mbalimbali: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu na vitanda, 2 kwa kinyesi na matapishi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka. Vitakasa mikono vya spiriti, tulivyovizoea tangu Korona ya mwaka 2020, havitoshi hapa: mikono iliyopakaa kinyesi haisafiki kwa spiriti, na vipo vijidudu vya kuhara ambavyo mbegu zake spiriti haiziui kabisa.

Lakini kanuni hizo aghalabu husomwa na daktari na muuguzi. Je, ni nani hasa anayemshika mgonjwa?

Mgonjwa anayeletwa hospitalini Kasulu kutoka vilima vya Heru Juu haji peke yake. Yupo mama, dada au mke, na ndoo, mkeka na vitenge viwili vitatu. Huyo ndiye anayemwosha, anayemnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, anayemwaga ndoo, anayefua bombani, kisha anayesonga ugali kwa mikono ile ile. Pengine humpokea mtoto wa jirani wa kitanda cha pili ili mwenziwe apumzike, maana ndivyo watu wetu walivyolelewa. Siku ya tatu hurudi kijijini na vitenge vyake. Badili kitenge kwa kanga, na kilima kwa jahazi, umepata habari ya Visiwani.

Wapo watakaoshauri ndugu wazuiwe getini. Ushauri huo ni wa mtu asiyelala wodini. Mgonjwa mkali wa kipindupindu aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima usiku hawezi kumnywesha kila mmoja. Akitibiwa ipasavyo, anayekufa huwa chini ya mmoja katika mia. Mwaka 1978, kipindupindu kiliporejea Zanzibar, wagonjwa 411 walizaa vifo 51.

Basi ndugu ahesabiwe kuwa mtumishi wa wodi kwa siku zile anazouguza. Apewe kipande cha sabuni siku ya kwanza, ndoo yenye mfuniko, mahali pake pa kufulia palipo mbali na pa kupikia, na muuguzi amwonyeshe kwa vitendo, kwa lugha anayoielewa. Heru Juu ni Kiha. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na dripu za mlipuko mmoja.

Zanzibar imejiwekea mpango wa kutokomeza kipindupindu ifikapo mwaka 2027. Wakaguzi wa Wizara wakizuru hospitali, wa huku na wa bara, wasiishie stoo kuhesabu makopo ya klorini. Waende magharibi bombani, nyuma ya jengo, watazame ni nani anayefua, na anafulia nini.