Duka, Gazeti na Gereza



Wiki hii napenda tumtafakari mlei mwenzetu wa mbali, Jimmy Lai wa Hong Kong. Nimemchagua kwa sababu katika jumuiya zetu tumezoea kumkumbuka mfanyabiashara siku ya harambee tu. Akitoa mabati ya kanisa, tunampigia makofi. Akisema neno juu ya mtu aliyeonewa, tunamnong'oneza asichanganye biashara na siasa, aangalie duka lake. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi mema, lakini mimi siuoni mzizi wake katika imani yetu.

Lai alizaliwa mwaka 1947 huko Guangzhou, kusini mwa China, mji ambao wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaufahamu vizuri kwa maduka yake ya jumla. Enzi za utoto wake kilichotawala huko kilikuwa njaa. Alibeba mizigo ya wasafiri kwenye kituo cha reli, na mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi msafiri mmoja kutoka Hong Kong alivyompa kipande cha chokoleti, kitu ambacho hakuwahi kukionja. Akaazimia kufika huko kulikotoka kitu kitamu namna ile. Akiwa na miaka 12 alivuka kwa siri ndani ya mashua, akaanza kibarua kiwandani. Mwaka 1981 akaanzisha Giordano, maduka ya nguo yaliyokuja kuenea Asia.

Angeweza kuishia hapo, tajiri mwenye amani. Kilichombadili ni mauaji ya Juni 1989, jeshi lilipowafyatulia risasi waandamanaji jijini Beijing. Lai alikuwa amekwisha kuchapa fulana za kuwaunga mkono wanafunzi. Mwaka 1990 akaanzisha jarida la Next, na mwaka 1994 akaandika humo barua ya kumtukana waziwazi Waziri Mkuu Li Peng. Matusi siyasifu, hata yakielekezwa kwa mkubwa aliyetenda vibaya. Lakini tazameni kilichofuata: adhabu haikuangukia jarida, iliangukia nguo. Giordano ikaanza kusumbuliwa huko China bara, na hatimaye Lai akauza hisa zake zote katika kampuni aliyoijenga kwa mikono yake. Ndipo mtu anapojua kama mali ni chombo chake au ni bwana wake.

Gazeti lake kubwa, Apple Daily, lilitoka mara ya kwanza tarehe 20 Juni 1995. Jina alilieleza kwa mzaha wa kibiblia: Eva asingeling'ata tufaha, pasingekuwa na dhambi wala uovu, na kwa hiyo pasingekuwa na habari za kuandika. (Kitabu cha Mwanzo hakilitaji tufaha, ila hilo tumsamehe.) Tusimpambe kupita kiasi. Lilikuwa gazeti la udaku pia, lenye picha za kuvizia na mikasa ya vyumbani. Mwaka 1998 lilimlipa fedha mwanamume aliyekuwa ametoka kufiwa na mke na watoto katika mkasa wa kutisha, likampiga picha akiwa na makahaba. Watu walikasirika, na gazeti likalazimika kuomba radhi katika ukurasa wa kwanza. Anayetaka kulitumia gazeti kutetea utu wa mtu hana ruhusa ya kuuchuuza utu huohuo ili auze nakala nyingi, na kwa hili wakosoaji wake walikuwa na haki kabisa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Gazeti huishi kwa matangazo kuliko kwa bei ya nakala. Mwenye kutangaza akinuna, mhariri hulainika. Makampuni makubwa ya Hong Kong, mengi yakiwa na maslahi China, yalijitoa katika kurasa za Apple Daily mwaka baada ya mwaka, na gazeti halikulainika kwa kuwa mwenyewe alikuwa na fedha za kubeba hasara. Kwa hiyo wanaosema mtu huyu alikuwa na kazi tatu, biashara, habari na haki za binadamu, nadhani wanakosea hesabu. Bila fedha ya duka, sauti ile ingekwisha kuzimwa zamani.

Mwaka 1997, mwaka uleule Hong Kong iliporudishwa China, Lai alibatizwa na Joseph Zen, ambaye wakati huo alikuwa Askofu Mwandamizi na baadaye akawa Kardinali. Tangu mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica, ulikwisha kufundisha kwamba jamii ina haki ya kupata habari. Mlei huyu aliingia Kanisani akiwa tayari kazini.

Mwaka 2020 ilikuja sheria ya usalama wa taifa. Lai alikuwa na uraia wa Uingereza na fedha za kutosha kuondoka, akabaki. Alikamatwa Agosti mwaka huo, na Desemba akawekwa rumande. Mojawapo ya hukumu zake, miezi 13 mwaka 2021, ilitokana na mkesha uliopigwa marufuku wa kuwakumbuka waliouawa mwaka 1989, ambako aliwasha mshumaa. Gazeti nalo halikufa kwa kukosa wasomaji. Juni 2021 polisi wapatao 500 waliingia ofisini na fedha za kampuni zikazuiwa, hata mishahara ikawa haiwezi kulipwa. Toleo la mwisho, la tarehe 24, lilichapwa nakala milioni moja, na watu walipanga foleni usiku kulinunua. Desemba 2025, akiwa na miaka 78, mahakama ilimtia hatiani kwa kula njama na nchi za kigeni na kwa uchochezi, mashtaka aliyoyakana.

Baadhi yenu mmeniuliza mbona Vatikano haikupaza sauti zaidi juu yake. Tangu mwaka 2018 kuna mapatano kati ya Vatikano na Beijing kuhusu uteuzi wa maaskofu, na diplomasia ina hofu zake kwa ajili ya waamini walioko ndani. Naielewa hofu hiyo. Lakini mapatano hayo hayatufungi midomo sisi wa parokiani. Jumapili hii, katika Misa ya pili, sala ya waamini itamtaja kwa jina, pamoja na waandishi na wahariri wake waliofungwa kwa ajili ya gazeti lile.