Kimea Kilichonyeshewa



Jumatano asubuhi, baada ya Misa, mama mmoja alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Wengi wenu mmekunywa mbege yake bila kumjua. Mkononi alishika kitu alichokifunga ndani ya kanga, na alipokifungua nikaona viganja viwili vya ulezi uliooteshwa, ambao mvua iliukuta uani kabla haujakauka. Punje zilikuwa zimeshikamana, na katikati yake palikuwa na utando wa kijani.

“Baba, harusi ni Jumamosi,” akasema. “Wenzangu wananiambia niuanike tena, niusage, nipike, eti moto utaua kila kitu. Nikifanya hivyo, nitakuwa nimetenda dhambi?”

Nilimjibu upesi, kama tunavyojibu sisi tusiopoteza chochote kwa majibu yetu: “Usiutumie, mama.” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la pili: “Na fedha ya ulezi nitarudishiwa na nani?”

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. La pili nimekaa nalo juma zima, na ndilo ninalowaletea leo.

Kwa wasomaji walio mbali na mlima wetu wa Kilimanjaro, niseme kidogo juu ya kinywaji chenyewe. Mbege ni pombe ya rangi ya kahawia, nzito, yenye utamu na uchungu pamoja. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundu iliyokolea, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo maji yake hukamuliwa na kuchujwa. Kando yake ulezi hulowekwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa juani na kusagwa. Unga huo ndio kimea. Hupikwa uji, uji ukapoa, ukachanganywa na maji ya ndizi pamoja na gome la msesewe, mti wa kando ya mito ambao uchungu wake unakaribia ule wa kwinini. Kesho yake mbege iko tayari, na isiponyweka kwa siku mbili tatu huwa chachu mno. Haiwezi kufungwa ndani ya chupa, kwa sababu bado inachacha na chupa itapasuka. Uzito wake unatokana na ulezi, ndiyo maana wazee husema mbege ni chakula.

Waingereza nao wana pombe yao nzito ya kahawia, na tangu mwaka 1963 sheria yao inamruhusu mtu kujipikia nyumbani bila leseni, mradi asiuze. Kanuni ni ileile: nafaka huoteshwa ili wanga wake ugeuke sukari, kisha hukaushwa. Tofauti ni kwamba mpishi wa kule kwa kawaida hununua kimea cha shayiri kilichokwisha kukaushwa kiwandani. Mama zetu hukausha cha kwao juu ya turubai uani, wakitazama mawingu.

Hapo ndipo penye hatari. Nafaka yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu ambayo nchini kwetu tunaiita sumukuvu. Moto wa jikoni huwaua kuvu wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki. Huwezi kuitambua kwa ulimi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilizika watu waliokula mahindi yenye sumu hiyo. Tena kimea hiki hiki ndicho kina mama wengi wanachokitia kidogo katika uji wa watoto ili uwe mwepesi kumezeka. Kwa hiyo anayedhani kwamba jambo hili linawahusu walevi peke yao, afikiri tena.

Kuna habari nyingine ambayo haijanitoka moyoni. Mwezi Januari 2015, katika kijiji cha Chitima mkoani Tete, Msumbiji, watu walirudi kutoka mazikoni wakanywa pombe ya nyumbani. Walikufa 75, na mama aliyeipika alikuwa mmoja wao. Kwanza ulienea uvumi kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Baadaye uchunguzi wa kitaalamu ulionyesha kuwa kisa kilikuwa unga wa mahindi ulioharibika, ambamo bakteria walikuwa wametengeneza sumu kali isiyoondoka kwa kuchemshwa. Hapakuwa na mchawi wala adui. Palikuwa na unga ulioharibika, ambao mtu hakuutupa.

Sisi tuna desturi nzuri: mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone kwamba hakuna hila ndani ya kata. Naipenda desturi hiyo. Lakini inamkinga mgeni na chuki tu; haimkingi na kuvu. Yule mama wa Chitima naye alikunywa.

Sasa nirudi kwenye fedha. Kwa nini ulezi wa mama huyu ulinyeshewa? Kwa sababu sisi wenyewe tumemweka kwenye mvua. Wakati wa Kwaresima hatufungi ndoa kwa shamrashamra, basi harusi zote hurundikana baada ya Pasaka, na baada ya Pasaka ndiyo masika. Familia inakaa vikao miezi minne ikijadili rangi ya sare na gari la maharusi, kisha mpishi wa mbege anaarifiwa zikiwa zimesalia siku kumi. Malipo ya awali hapewi, kwa kuwa “ni mama yetu”. Ulezi anaukopa dukani. Jua lisipotoka, hasara yote ni yake, na sherehe ni yetu. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo tunamshawishi kila saa afumbe macho. Halafu tunamhubiria juu ya dhamiri.

Maoni yangu ni haya: aliyeagiza pombe ndiye abebe hasara ya kimea kilichotupwa kwa uaminifu. Aagize mapema, alipe ulezi kwanza, na mpishi akisema “umeharibika”, aaminiwe. Najua litakalosemwa, kwamba wapishi watazembea. Huenda mmoja wao atazembea. Lakini mzembe hakuoneshi uchafu wake, huusaga. Aliyekuja na kuvu mkononi ametufanyia hisani, na si haki tumtoze kwa hisani hiyo.

Wengine mtaniambia kuwa ingefaa Paroko apige marufuku pombe zote, mambo yaishe. Ulevi naujua; nyumba ulizozibomoa nazitembelea kila juma. Hata hivyo sijaona mahali ambapo mbege ilikatazwa na watu wakageukia maziwa. Waligeukia gongo. Pombe inayohitaji juma zima kuiva na kunywewa na watu wengi kabla haijaharibika ina breki zake yenyewe, mradi isiharakishwe. Zaidi ya mbege yenyewe, nachukia ile ya siku hizi inayotiwa sukari na hamira ya mkate ili iive kwa usiku mmoja.

Nimeziomba jumuiya zetu ndogondogo zijenge vichanja vya kuanikia vilivyoezekwa kwa nailoni angavu, vyenye kupitisha upepo. Mbao chache na mikono ya vijana zinatosha. Na ulezi ulioharibika uzikwe. Msiwape kuku, maana sumu hiyo huwadhuru nao.

Baba wa bwana harusi nilimpigia simu mwenyewe. Alilalamika kwa muda mrefu, akataja gharama za ukumbi, mwishowe akakubali kulipa nusu ya ulezi. Nusu nyingine bado tunazungumza. Jumamosi wageni walipewa soda na chai ya maziwa, wazee watatu waliaga mapema sana, na yule mama alikuwa jikoni akigeuza nyama.