Alikubali kwa Mpira, Hakukubali Bila Mpira

Leo sina stori ya bumu wala foleni ya kafeteria. Nina hasira.

Hosteli kwetu kuna mtindo: mshikaji anavaa kondomu, katikati anaivua kimyakimya, kesho yake anatusimulia kama kafunga goli. Watu wanacheka. Jamani, huo si ujanja. Ni kumwingilia mtu bila ridhaa yake.

"Si alishakubali?" Alikubali nini? Hata kwenye daladala abiria akisema shusha, konda anagonga bodi, gari linasimama. Haambiwi "ulishapanda, twende mpaka mwisho wa njia."

Kanada wameshalisema hili. Julai 2022, katika kesi ya Kirkpatrick, mwanamke alikuwa ameshasema bila kondomu hataki. Mara ya kwanza jamaa kavaa, ya pili hakuvaa, dada akidhani kavaa. Majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu wakasema tendo la kwa kondomu na la bila kondomu ni vitu viwili. Kukubali moja si kukubali jingine. Jimbo la California nalo mwaka 2021 lilipitisha sheria inayomruhusu aliyevuliwa kondomu kinyemela kumshtaki mhusika na kudai fidia.

Kwetu Tanzania je? Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyobadilishwa mwaka 1998, kinataja nguvu, vitisho, ulevi, hata mwanaume anayejifanya mume wa mtu. Kondomu hakitaji. Yaani tumekubali kwamba ridhaa ya kulaghaiwa si ridhaa, halafu tumeishia njiani. Iandikwe wazi.

"Utathibitishaje?" Mbona makosa mengi ya chumbani hayana shahidi, na bado ni makosa?

Halafu sisi ni walimu watarajiwa. Tutasimama mbele ya mabinti wa kidato cha tatu tuwaambie wajilinde. Kwa mdomo upi, kama tunamchekea anayewavua hiyo kinga?

Na wewe dada uliyefanyiwa hivyo: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Usisubiri Jumatatu, nenda hospitali leo, waulize na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Aibu si yako.

Wabishi karibuni. Mimi nawahi semina.